Bei ya Domeni na Haki Zako Kwenye Mikataba ya Sajili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndo yale yale yanayorudi kila bei ikipanda au kila mtu akipoteza domeni yake, yani jina la tovuti yake. Anza na yale ya msingi kama bado hujui nani ni nani, la sivyo ruka moja kwa moja kwenye swali lako.

## Mambo ya msingi

Nimenunua domeni, si ni mali yangu?

Hapana, na hapa ndo wengi wanajikwaa. Ulicholipia ni haki ya kulitumia jina kwa muda fulani, mwaka mmoja hadi kumi, na muda ukiisha bila kulipa tena jina linarudi sokoni na yeyote anaweza kulichukua. Ukiona muuzaji anatangaza "lipa mara moja, yako milele", ujue yeye mwenyewe ndo anaahidi kukulipia kila muda ukifika, yani ahadi inaishi kadiri kampuni yake inavyoishi.

Sajili ni nani na muuzaji ni nani?

Sajili ni kampuni au shirika linalotunza daftari kuu la majina yote yenye mkia mmoja (ile sehemu ya mwisho ya jina, baada ya nukta). Verisign wanatunza .com na .net, Public Interest Registry (wengi wanawaita PIR) wanatunza .org. Muuzaji ndo yule unayemlipa wewe, kina GoDaddy, Namecheap na wenzao, yeye anachukua hela yako, anaipelekea sajili bei ya jumla na anabaki na faida yake.

Juu ya wote yuko ICANN, shirika lisilo la faida lililoundwa California mwaka 1998, ambalo linasaini mkataba na sajili na mkataba mwingine na wauzaji. Picha rahisi ni nyumba ya kupanga: dalali unaweza kumbadilisha ukimchoka, ila mwenye nyumba ni yule yule, na kodi ikipanda inapanda kwa dalali yeyote utakayemwendea.

Sasa mkataba wa sajili na ICANN unanihusu nini mimi?

Unakuhusu kwenye mfuko wako ila haukuhusu kisheria, na hiyo ndo shida yenyewe. Mkataba wa mfano ambao sajili nyingi zinausaini una kifungu kinachosema wazi kwamba haumpi haki yoyote mtu ambaye si sehemu ya mkataba, na kimewataja kabisa wauzaji na wenye majina. Kwa hiyo sajili ikikiuka kifungu cha bei, wa kuibana ni ICANN, sio wewe. Wewe unalalamika tu (tazama swali la mwisho kabisa kuhusu pa kulalamika).

Mkataba unaokulinda moja kwa moja ni ule uliobonyeza "nakubali" kwa muuzaji, na ule unaandikwa na muuzaji mwenyewe, ila ICANN inamlazimisha aweke mambo kadhaa ndani yake. Mengi ya kwenye kurasa hii yanatoka humo.

Kwa nini mkataba wa sajili ukiisha hawatangazi zabuni, mwenye bei nafuu apewe?

Kwa sababu karibu mikataba yote ina kifungu cha kujihuisha. Muda ukiisha sajili ile ile inaendelea, labda iwe imevunja masharti makubwa kabisa na ikashindwa kujirekebisha. Wanaotetea kifungu hiki wanasema sajili isiyo na uhakika wa kesho haitawekeza kwenye mitambo na usalama, na hilo lina ukweli wake. Ila angalia kilichotokea .net iliposhindanishwa mwaka 2005: Verisign walishinda tena, ila bei ya jumla ilishuka kutoka dola 6 mpaka dola 4.25 pamoja na ada ya ICANN. Mitambo ile ile, kampuni ile ile, bei ikashuka kwa sababu tu kulikuwa na wengine wanaoitaka kazi. Kwangu mimi hoja nzima ya bei ya haki iko hapo, haya mengine yote ni kujaribu kuziba pengo la zabuni ambayo haipo.

## Bei inapandaje

Nani anapanga bei ya .com?

.com ni ya kipekee maana serikali ya Marekani bado ina mkono. Verisign wana mkataba na ICANN alafu wana makubaliano mengine na Wizara ya Biashara ya Marekani, na kikomo cha bei kinatoka huko. Mwaka 2012 wizara iliigandisha bei ya jumla kwenye dola 7.85. Mwaka 2018 wakalegeza, Verisign wakaruhusiwa kupandisha hadi asilimia 7 kwa mwaka kwenye miaka minne ya mwisho ya kila kipindi cha miaka sita, na ICANN wakaingiza ruhusa hiyo kwenye mkataba wao mwaka 2020.

Verisign wakaitumia yote. Septemba 2021 bei ikawa dola 8.39, Septemba 2022 dola 8.97, Septemba 2023 dola 9.59, Septemba 2024 dola 10.26. Ni ongezeko la asilimia 30 na ushee kwa ile ile huduma. Mikataba yote miwili ikahuishwa mwishoni mwa 2024, kwa hiyo kipindi kipya nacho kina miaka miwili ya utulivu alafu minne ya kupandisha. Wakipandisha yote wanayoruhusiwa tena, bei ya jumla itavuka dola 13.

Kitu kimoja kizuri kwenye .com ambacho watu hawakisemi: bei ya sajili ni moja kwa majina yote, Verisign hawaruhusiwi kusema jina lako ni tamu kwa hiyo ulipe zaidi. Ukiona .com inauzwa maelfu ya dola ujue anayeuza ni mtu aliyeisajili zamani, sio sajili.

Na .org? Nasikia haina kikomo kabisa.

Ni kweli. Mkataba wa zamani uliruhusu ongezeko lisilozidi asilimia 10 kwa mwaka. Mwaka 2019 ICANN walipotaka kuuhuisha pamoja na .info na .biz walipendekeza kikomo kiondolewe, wakaomba maoni ya umma, yakaja maoni zaidi ya 3,000 na karibu yote yanapinga. Tarehe 30 Juni 2019 wakausaini hivyo hivyo bila kikomo.

Miezi michache baadaye, Novemba, ikatangazwa kwamba shirika la Internet Society, ambao ndo wamiliki wa PIR, wanaiuza kwa kampuni ya uwekezaji ya Ethos Capital kwa dola bilioni 1.135. Hapo watu ndo wakaelewa kikomo kilichoondolewa kina thamani gani. Mashirika ya hisani yalipiga kelele, mwanasheria mkuu wa California akawaandikia ICANN barua ya kupinga, na tarehe 30 Aprili 2020 bodi ya ICANN ikaukataa uuzaji huo. PIR ikabaki shirika lisilo la faida, lakini kikomo cha bei hakikurudi. Namecheap waliupeleka uamuzi wa 2019 kwenye jopo la mapitio huru, na mwishoni mwa 2022 jopo likasema ICANN ilikiuka katiba yake yenyewe katika namna ilivyofikia uamuzi ule. Ushindi ni ushindi, ila mwenye .org kinachomlinda leo ni tabia nzuri ya PIR, sio mkataba.

Hizi domeni mpya (.shop, .online, .xyz na kadhalika) zina kikomo gani?

Hazina. Zilizoanza kuuzwa kuanzia 2013 na kuendelea zinatumia mkataba wa mfano, na mule hakuna namba hata moja inayosema bei isizidi hapa. Mwaka 2017 kampuni ya Uniregistry ilitangaza kupandisha bei za baadhi ya mikia yake, mingine hadi asilimia 3,000, na mkataba haukuwazuia. Mfano mwingine ni .sucks ya mwaka 2015, ambapo wenye alama za biashara waliotaka kulilinda jina lao mapema walitajiwa bei ya jumla ya dola 1,999, na kwa wauzaji ilipanda mpaka zaidi ya dola 2,000.

Kilichopo badala ya kikomo ni taarifa ya mapema na usawa wa bei ya kulipia upya, tazama swali linalofuata na lile la majina ya "premium".

Sajili ikitaka kupandisha bei inatakiwa inipe taarifa muda gani?

Kwa bei ya kulipia upya, siku 180. Kwa usajili mpya siku 30. Ila soma vizuri: taarifa inaenda kwa muuzaji, sio kwako. Kama muuzaji hatumi imeili au anatuma wiki moja kabla, sajili imeshatimiza wajibu wake. Ndo maana inalipa kufuatilia mwenyewe habari za mkia unaoutumia.

Ndani ya zile siku 180 kuna silaha ambayo ni wachache wanaitumia. Sajili inalazimika kukubali malipo ya miaka mingi kwa bei ya zamani, hadi kumi. Kama jina ni la maana kwako na umesikia bei inapanda, lipia miaka mingi kabla ya tarehe, na bei mpya haitakugusa mpaka muda huo uishe. Jumla haiwezi kuzidi miaka kumi mbele, kwa hiyo kama tayari una minne unaweza kuongeza sita tu. Alafu hakikisha muuzaji ameipeleka kweli kwenye sajili: angalia tarehe ya mwisho kwenye rekodi ya umma ya domeni, sio kwenye akaunti yako tu.

Nimenunua jina kwa bei ya promo, mwaka wa pili bei imekuwa mara kumi. Hii ni halali?

Mara nyingi ni halali, ndio. Promo ni ya mwaka wa kwanza, na bei ya mwaka wa pili ndo bei ya kawaida ambayo ilikuwepo siku zote ila imeandikwa kwa maandishi madogo. Sheria za ICANN zinamtaka muuzaji aziweke wazi bei za kulipia upya na ya kukomboa jina lililopitiliza muda wake. Kabla ya kununua chochote usiulize "bei gani", uliza "mwaka wa pili bei gani".

Na haya majina ya "premium"?

Kwenye domeni mpya sajili inaruhusiwa kuyapangia majina fulani bei ya juu. Kanuni ni kwamba bei ya kulipia upya iwe sawa kwa majina yote ya mkia ule, isipokuwa yule aliyekubali waziwazi bei kubwa siku ya kusajili. Kwa hiyo kinachozuiwa ni ile ya kukusubiri ujenge biashara yako juu ya jina la kawaida alafu waligeuze premium na kukubana. Hiyo hawawezi kwa jina unalolishikilia. Ila likikuponyoka likaisha muda, linaweza kurudi dukani na bei nyingine kabisa.

Tunza risiti na nakala ya ukurasa wa siku uliyonunua. Ubishi ukija, kilichoandikwa siku ile ndo kinaamua kama ulikubali au hukukubali.

Kuna senti kadhaa za ICANN kwenye bili yangu, ni wizi?

Hapana. Muuzaji analipa ICANN ada kwa kila mwaka wa usajili wa domeni za kimataifa (zile zisizo za nchi, kama .com na .org). Ilikuwa senti 18 za dola kwa miaka mingi, ikawa 20 kuanzia Julai 2025.

## Kuchelewa kulipa na kuhama

Domeni yangu imeisha muda jana, nimeshaipoteza?

Bado, tulia. Muuzaji analazimika kukutumia kumbusho mara mbili kabla, kama mwezi mmoja na kama wiki moja kabla ya tarehe, na jingine ndani ya siku tano baada ya kuisha. (Zinaenda kwenye imeili uliyojisajilia, kwa hiyo kama imeili hiyo iko kwenye domeni hiyo hiyo iliyokufa, umejifungia nje mwenyewe.) Baada ya hapo wauzaji wengi wanakupa siku kadhaa za kulipia kwa bei ya kawaida, ila sio lazima ziwe nyingi. Tovuti ikizimika ghafla usidhani umedukuliwa, kanuni zinamtaka aizime ili ushtuke.

Muuzaji akishalifuta jina linaingia siku 30 za kukomboa. Hapo wewe peke yako ndo unaweza kulirudisha, kwa ada ambayo mara nyingi inauma. Zikipita hizo kuna siku tano ambazo hakuna anayeweza kufanya lolote, kisha linaachiwa kwa wote. Angalizo: wauzaji wengi mkataba wao unawaruhusu kulipiga mnada jina lako kabla hata halijafika kwenye kufutwa, kwa hiyo usipange kulala mpaka siku ya mwisho.

Nataka kuhama muuzaji, wanaweza kunizuia?

Sababu za kukuzuia zimeorodheshwa na ni chache: jina lina mgogoro au amri ya mahakama, kuna dalili ya utapeli, una deni la kipindi kilichopita, au ni ndani ya siku 60 tangu ulisajili au ulihamishe. Kwamba hataki kukupoteza sio sababu. Namba ya siri ya kuhamishia unatakiwa uipate ndani ya siku tano tangu uombe, kama hukuwekewa sehemu ya kuichukua mwenyewe kwenye akaunti.

Kuhama hakukupotezei muda uliolipia. Kwa .com na wenzake unalipa mwaka mmoja kwa muuzaji mpya na unaongezwa juu ya uliobaki.

Nikihama nitakwepa bei ya sajili iliyopanda?

Hapana, utakwepa faida ya muuzaji tu. Rudi kwenye swali la sajili na muuzaji. Kuikwepa sajili maana yake ni kubadilisha mkia, na hapo unabadilisha imeili, mabango, viungo vyote, na nafasi uliyoijenga kwenye injini za kutafutia. Sajili zinalijua hilo vizuri, na ndo maana hoja ya "bei ikizidi watu si watahama" haina mashiko kwa mtu ambaye ameshajenga.

## Kunyang'anywa, kufungiwa, kampuni kufa

Kampuni kubwa inasema jina langu ni alama yao ya biashara, inaweza kulichukua?

Inaweza kujaribu kupitia UDRP, utaratibu wa kuamua migogoro ya majina nje ya mahakama ulioanza 1999. Lazima ithibitishe mambo matatu yote kwa pamoja: jina linafanana na alama yao kiasi cha kuchanganya watu, wewe huna haki wala maslahi halali juu yake, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Una siku 20 za kujibu, na tafadhali jibu, maana wengi wanashindwa kwa kukaa kimya tu. Ukishindwa una siku 10 za kazi kufungua kesi mahakamani kabla jina halijahamishwa.

Wanaweza kunifungia tovuti bila kesi?

Kwa mambo fulani, ndio. Tangu Aprili 2024 mikataba inazilazimisha sajili na wauzaji kuchukua hatua wakipata ushahidi kwamba domeni inasambaza virusi, inaendesha mtandao wa kompyuta zilizotekwa, au inaiba nywila za watu kwa kujifanya benki. Maudhui ya kawaida, maoni yako au ugomvi wako na mtu havimo kwenye orodha hiyo. Sababu nyingine ya kufungiwa ambayo inawapata watu wasio na hatia ni kutokuthibitisha imeili: ukisajili au ukibadilisha taarifa zako unatumiwa kiungo, na usipokibonyeza ndani ya siku 15 jina linaweza kusimamishwa.

Muuzaji wangu amefilisika, je?

Data za usajili zinatakiwa ziwe na nakala kwa mtunzaji mwingine wa pembeni, na majina yanahamishiwa kwa muuzaji mwingine. Mwaka 2007 muuzaji aliyeitwa RegisterFly alianguka, wateja wakahangaika vibaya, na majina yakaishia kuhamishiwa GoDaddy. Toka hapo suala la nakala likachukuliwa kwa uzito. Malipo ya ziada kama hosti au "milele" hayahami nawe.

Na sajili yenyewe ikifa?

Kwa domeni za kimataifa mpya kuna waendeshaji wa dharura wanaoshika usukani ili majina yasizimike. Mara ya kwanza ilitumika Desemba 2017 kwa .wed.

## Kesi za pembeni

Haya yote yanahusu pia domeni za nchi, zile za herufi mbili?

Mengi hapana. Mikia ya nchi inaendeshwa kwa taratibu za nchi husika, ICANN haipangi bei wala muda wa kukomboa, na sio zote zinatumia UDRP. Zile siku 180 na zile siku 60 usizitegemee huko, soma sera ya sajili yao. Zinaweza pia kuja na masharti ya ukazi: Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, makumi ya maelfu ya majina ya .eu ya watu na kampuni za huko yalisimamishwa Januari 2021, bila kosa la wenye majina.

Na jihadhari na mkia wa nchi unaouzwa kama vile ni wa kimataifa (.io, .ai, .co, .me). Herufi mbili ni herufi mbili, kanuni ni za nchi hata kama dukani umepangwa pembeni ya .com.

Je, majina kama jina.uk.com?

Hapo uko kwenye domeni ya mtu binafsi. uk.com yenyewe ni jina la .com lililosajiliwa na kampuni, nayo inauza yaliyo chini yake kwa masharti yake. Ulinzi wa mkataba wa .com unaishia kwa kampuni hiyo, haufiki kwako.

Nilipewa domeni ya bure, ina haki gani?

Kidogo sana. Kampuni ya Freenom waligawa bure .tk na mikia mingine michache kwa miaka, masharti yao yaliwaruhusu kuyachukua majina hayo kirahisi, wakashtakiwa na Meta, wakaacha kusajili mapya 2023 na kujiondoa kwenye biashara 2024. Usiweke kitu cha maana huko.

Nikitaka kulalamika naanzia wapi?

Anza na muuzaji, kwa maandishi, na utunze tarehe. Asipojibu au akivunja kanuni (kukunyima namba ya kuhamishia, kuficha ada ya kukomboa, kutotuma makumbusho) kuna fomu za malalamiko kwenye tovuti ya ICANN kwa kitengo kinachosimamia mikataba. Taja kanuni iliyovunjwa, ambatanisha imeili, usiandike hadithi ndefu. Kitengo hicho hakirudishi hela na hakishughulikii "bei ni kubwa mno", kwa sababu bei kubwa sio ukiukaji wa mkataba.

Kuhusu bei yenyewe, dirisha lako ni pale mkataba wa sajili unapofikia kuhuishwa na ICANN inapokusanya maoni ya umma, kwa kawaida angalau siku 40. Andika hapo. Mwaka 2019 waliwapuuza watu zaidi ya 3,000, ndio, lakini maoni hayo hayo ndo yalikuja kuwa ushahidi kwenye kesi ya Namecheap.